Herufi ya Kwanza ya Kilima

Consolée hakuja Masisi kutafuta muziki. Alikuja na mashine ya fotokopi, imefungwa katikati ya magodoro mawili juu ya lori la kaka yake Philippe, na njia nzima kutoka Butembo aliishikilia kwa mkono kila lori lilipoingia shimoni, kama anayemshika mgonjwa. Philippe alikuwa amekwisha kufungua duka pale Masisi-centre: chumvi, sabuni, misumari, mafuta ya taa, na lori lenyewe la kupeleka maharagwe Goma. Wafanyabiashara wa Butembo ndivyo walivyo, wakisikia kuna kilima ambapo hapauzwi sabuni hawapati usingizi. Akampa dada yake chumba cha pembeni ya duka, wakapaka chokaa ukutani, wakaandika SEKRETARIATI mlangoni, na mashine ikaanza kula karatasi.

Watu walileta nini? Walileta vifo. Sitii chumvi. Vita vilikuwa vinapanda na kushuka milima ile kama watu wa soko, na kila viliposhuka, mtu alikuja na jina la marehemu, jina la baba yake, mahali pa kilio na saa ya misa. Consolée alikuwa na mpango wake wa tangazo la msiba: fremu nyeusi nene, msalaba juu, maneno katikati. Aliupiga mara nyingi hata vidole vyake vikawa vinauanza peke yao kabla mteja hajamaliza kusalimia.

Ndiyo maana siku Mwalimu Jean-de-Dieu alipoleta maneno ya wimbo ili yanakiliwe kwa ajili ya kwaya yake, Consolée aliyaandika ndani ya fremu nyeusi, na msalaba juu. Jean-de-Dieu alikuwa Mhunde wa pale pale, mwalimu wa shule ya msingi, mpiga gitaa, mtu mrefu mwenye kucheka polepole. Aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena.

"Dada," akasema, "hii wimbo haiyakufa. Juu ya nini unaivalisha msiba?"

Consolée alicheka naye, kisha akaona haya, na haya ile haikutoka. Aliifuta fremu. Maneno ya wimbo yakabaki katikati ya weupe, wazi pande zote, na yeye akakaa akiyatazama mpaka chai yake ikapoa. Tangu siku ile alitaka kutengeneza gazeti la muziki wa milima ile, gazeti ambalo halingekuwa na fremu hata moja ndani yake.

Gazeti aliliita Nanga. Wahunde huita hivyo kinanda kile kirefu cha mbao chenye nyuzi zinazolala juu yake, Wanyarwanda husema inanga, kwao Butembo ni enanga, na hapo hapakuwa na mtu wa kugombana. Philippe peke yake, aliyewahi kufika Mombasa kununua mali, alimwuliza kama atauza gazeti la meli.

Kila kitu kingine alikifikiria mpaka kichwa kikamwuma. Karatasi ilikunjwa mara moja katikati ili iingie ndani ya Biblia au ndani ya fundo la kitenge, maana watu wa pale hukimbia, na kitu kisichoingia ndani ya fundo huachwa. Hakubana kurasa kwa pini kwa sababu pini hupata kutu wakati wa mvua, na Masisi mvua haina likizo. Alishona kila nakala kwa uzi wa fundi cherehani, mishono mitatu. Alikataa picha za nyuso. Alijaribu moja, ya Jean-de-Dieu na gitaa lake, na mashine ikamtoa mweusi, bila macho, kama mtu anayetafutwa na serikali. Isitoshe, mwaka ule wa 2012 uso wa mtu kwenye karatasi haukuwa mchezo. Nani angekubali uso wake utembee kwenye barieri zote za barabarani mpaka Pinga, bila yeye mwenyewe kujua nani anautazama?

Akachagua mikono. Mpiga muziki aliweka mkono juu ya karatasi, Consolée akapitisha kalamu kuzunguka vidole, basi. Mkono ulichukua ukurasa mzima. Chini yake, mwenye mkono aliandika jina lake kwa kalamu yake mwenyewe, si kwa herufi za mashine. Herufi za mashine, alisema, ni zile zile za matangazo ya msiba, na yeye alikuwa amezichoka.

Hapo ndipo Papa Mbonigaba alipoingia katika maisha yake.

Mbonigaba alikuwa mzee Mhutu wa kilima kimoja kilichoko juu ya Nyabiondo. Babu yake aliletwa pale kutoka Rwanda wakati wa Wabelgiji, baba yake akazaliwa pale, na yeye pia. Alilima maharagwe, akapiga inanga kwenye harusi, na siku za soko alishuka Masisi na kinanda chake mgongoni, kimefungwa ndani ya kitenge cha marehemu mkewe. Vidole vyake vilikuwa virefu na vikavu, na kidole kidogo cha mkono wa kulia kilipinda ndani. Consolée alipouchora mkono ule aliona kwamba amepata ukurasa wa kwanza wa gazeti lake. Hakuhitaji kuongeza chochote.

"Sasa jina, Papa. Andika hapa chini."

Mzee alitazama kalamu bila kuishika. Consolée, kwa upole, akasogeza kibao cha wino, ili aweke kidole.

"Hapana, Mama Consolée. Kidole niliwekaka kwa makaratasi ya chefu, na ile makaratasi haikuniletea muzuri. Hapa niko naweka mukono. Kidole siweki tena."

Basi akamfundisha. Siku za soko, wateja wakiwa wachache, mzee aliketi kwenye kiti cha pembeni ya jenereta na kipande cha makaa, akaandika juu ya migongo ya karatasi zilizoharibika. Mbonigaba ni jina lenye ukarimu, herufi zake zinarudi rudi. M aliipata upesi, akasema ni milima miwili. O hakuhitaji hata kuambiwa. G ndiyo iliyomtesa. Aliizungusha, mkia ukakimbilia nje. Akaizungusha tena, ikawa O. Akaifuta kwa kiganja mpaka kiganja kikawa cheusi. Aliporudi soko lililofuata alikuwa ameifanyia mazoezi nyumbani kwenye ukuta wa jiko, binti yake Généreuse akamgombeza. Siku aliyoiandika sawasawa aliandika G nyingine kando yake, na nyingine, ukurasa mzima, na Consolée hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba jina lake linahitaji moja tu.

Kwa hiyo toleo la kwanza lingekuwa la watu wawili, Mbonigaba na Jean-de-Dieu, kurasa mbili zinazotazamana, mkono na mkono. Nao walikuwa na wimbo mmoja. Ni wimbo wa kile kilima cha Mbonigaba, ambacho pia kilikuwa kilima cha mama yake Jean-de-Dieu. Wimbo unaokiita kilima kwa jina, mstari baada ya mstari, kama mtu anayemwita ng'ombe wake arudi. Kila mmoja aliujua kwa lugha yake. Jina la kilima ndilo lilikuwa jina la wimbo.

Na jina la kilima ndilo lililoleta taabu.

"Katamba," alisema Jean-de-Dieu, akisoma karatasi ya majaribio. "Umeandika G. Dada, rekebisha. Iko Katamba."

"Papa Mbonigaba anasema Gatamba."

"Yeye anasema vile juu ya ulimi yao. Bankambo yetu, babu zetu ya zamani, walisema Katamba, na wao njo walifika kwanza."

Mzee alikuwa amekaa pale pale. Hakukasirika, au alikasirika kwa namna yake. "Mwalimu," alisema, "miye sijui nani alifika kwanza. Mama yangu akiniita kwa chakula alisema, wewe mutoto wa Gatamba, kuya. Unataka nimurudie mama yangu kwa kaburi, nimuambie alikosea?"

Mtu wa mbali atacheka. Herufi moja! Lakini pale Masisi mwaka ule herufi ile ilikuwa na bunduki pande zote mbili. Aliyesema K alikuwa anasema ardhi ni ya nani. Aliyesema G alikuwa anasema kwamba naye hana kwingine pa kwenda. Vijana waliokuwa porini walijua kuuliza swali hilo moja tu, unatoka kilima gani, na kusikiliza sauti ya kwanza ya jibu.

Consolée alijaribu kila ujanja anaoujua mtu wa karatasi. Aliandika yote mawili na alama ya mkwaju katikati. Jean-de-Dieu akauliza lipi litatangulia. "G inatangulia kwa alfabeti," alisema Consolée. "Alfabeti haikulimaka pale," akajibu mwalimu. Philippe, aliyesikia ugomvi ule kupitia ukutani, akaja na dawa ya kibiashara: chapisha ya K kwa wenye K, ya G kwa wenye G, kila mteja apate anachotaka. Consolée alikataa. Gazeti lenye nyuso mbili, siku nakala mbili zikikutana ndani ya nyumba moja, nani ataliamini tena? Akafikiria kuliacha jina kabisa. Lakini wimbo bila jina lake ungekuwa nini, na hao wawili walikubaliana katika jambo moja tu, kwamba jina libaki.

Mwisho aliwaomba waache maneno, wapige. Wakapiga mle chumbani, jenereta limezimwa, gitaa na inanga, wateja wakasimama mlangoni na vyeti vyao mkononi. Waliimba pamoja, huyu na K yake, huyu na G yake, na kila walipofika kwenye jina, pigo la nyuzi liliangukia juu ya sauti ile ya kwanza na kuimeza. Kilichotoka ni kimoja, wazi, kwa midomo miwili: atamba, atamba, atamba. Consolée akachukua kalamu.

Ndivyo alivyoandika. Juu ya kurasa zile mbili, kwa herufi kubwa, ATAMBA, na mbele yake akaacha nafasi: kiboksi cheupe, mstari wake mwembamba wa nukta nukta, mahali pa herufi moja. Msomaji aweke yake mwenyewe. Jean-de-Dieu alikitazama kiboksi muda mrefu, akacheka kicheko chake cha polepole. Mzee aliomba aonyeshwe mahali penye weupe, akaweka ncha ya kidole pale, akasema ni sawa. Consolée alikwenda kulala akiwa na furaha kuliko siku aliyofika na mashine yake. Katika maisha yake hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kuliko mraba ule mtupu.

Na watu walilipenda, hilo lisisahaulike. Nanga lilipanda Nyabiondo na Kingi kwenye pikipiki, likaingia Walikale mpaka Pinga ndani ya magunia ya chumvi ya Philippe. Sokoni watu waliomba biki wajaze kiboksi. Walitaniana. Muuza mihogo mmoja alijaza K, jirani yake akampokonya akaigeuza G, wakacheka wote wawili. Mama mmoja aliweka B, akasema huo sasa ni wimbo wa mume wake, kwa vile anavyotamba. Consolée aliyasikia hayo, akaanza kukusanya mikono ya toleo la pili.

Kisha milima ikachafuka. Vijiji vikachomwa, vya hawa wiki hii, vya wale wiki inayofuata, na barieri zikaota njiani, kamba tu na vijana na bunduki. Mtu aliposimamishwa alimwagiwa mzigo chini, na kama ndani ya Biblia au fundo la kitenge mlikuwa na Nanga, hapakuwa na haja ya kumwuliza anatoka kilima gani. Alikuwa amekwisha kujibu, kwa kalamu yake mwenyewe.

Habari ilimfikia Consolée kupitia dereva wa pikipiki aliyekuwa akimsambazia gazeti. Kijana mmoja alipigwa karibu kufa kwa sababu ya K. Mwingine, wa G, huko upande wa pili, haikujulikana kama yu hai. Dereva alirudisha nakala zake zote, akaziweka juu ya meza bila kumtazama usoni. "Mama, hii papiye yako inasema sana," alisema.

Consolée alikaa chini. Alikuwa amekataa nyuso ili watu wasitambuliwe. Alikuwa ameacha nafasi ili asimchagulie mtu upande. Na nafasi ile ndiyo iliyowafanya wajitaje, kila mmoja, kwa hiari, akicheka. Aliona aibu, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Alianza kuyakusanya magazeti yarudi. Alimwambia Philippe ampe sabuni, na kwa kila nakala iliyoletwa alitoa kipande cha sabuni. Philippe alinung'unika kwamba dada yake ndiye mchapishaji wa kwanza duniani kuwalipa watu wasisome, lakini sabuni alitoa. Nakala zilirudi, nyingi, za K, za G, nyingine zimefutwa na kujazwa upya mpaka karatasi imetoboka. Alizichoma nyuma ya duka.

Ya Mbonigaba haikurudi. Mzee alikuja mwenyewe, siku ya soko, kinanda mgongoni. Alikuwa anapanda Nyabiondo kwenda kupiga kwenye harusi ya mpwa wake.

"Papa, niachie ile gazeti," Consolée alimwambia. "Nitakutunzia. Mambo ikipoa, utaikamata."

Mzee aliitoa ndani ya kitenge. Ilikuwa safi, mshono haujalegea. Mkono wake ulilala juu ya ukurasa, kidole kidogo kimepinda ndani, na chini yake MBONIGABA, milima miwili mbele, G katikati. Kiboksi kilikuwa kitupu.

"Iko na jina yangu," alisema. "Sijawahi kuwa na kitu iko na jina yangu yenye niliandika."

"Kwa barieri wataiona."

"Wataona nini? Sikujaza. Nikiweka G, Mwalimu atakasirika. Na K siijui."

Consolée aliudhika. Aliona ni ukaidi ule ule wa siku ile ya ugomvi, mzee anakataa hata kukiri kwamba K ipo. Siijui! Mtu aliyezaliwa juu ya kilima kile, anayesikia jina lile kila siku kwa majirani! Alitaka kumpokonya, na mkono wake ulifika hata kwenye kona ya karatasi. Lakini mzee aliishika kwa namna ambayo mtu hushika kitu chake, na Consolée akaachia. Akamwombea safari njema, akarudi kwenye mashine.

Soko lililofuata mzee hakuja. Aliyekuja ni Jean-de-Dieu, asubuhi, akiwa amebeba inanga kifuani kwa mikono yote miwili. Aliiweka juu ya meza. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na ubao ulikuwa na ufa, lakini kwa mtu asiyeijua ingeonekana nzima.

"Niliiomba kwa vijana ya barieri," alisema. "Walitaka kuichoma, wapikie maharagi."

"Na mwenyewe?"

"Anaishi. Généreuse alimuleta huku, kwa kambi ya wadeplasé, ya wenye walikimbia vita." Hakukaa. Alisimama akitazama kiti cha pembeni ya jenereta. "Wale vijana, wawili kati yao niliwasomeshaka. Miye njo niliwafundisha kusoma. Mupelekee yeye, dada. Miye siwezi."

Consolée hakumlazimisha. Aliifunga inanga ndani ya kitenge chake mwenyewe, akapanda nayo mpaka kambini, kupita mahema na moshi na watoto wenye kikohozi. Généreuse alimpokea, akamsogezea kibao cha kukalia. Mzee alikuwa ameegemea mlingoti wa hema. Mkono wa kulia ulifungwa kwa vipande vya mianzi na vitambaa, umevimba kiasi kwamba vidole havikuhesabika. Alipoona kinanda, macho yake yalikaa juu yake kidogo, kisha yakaondoka.

"Asante," alisema. "Ulitembea na matope."

Alisimulia bila kuulizwa, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Walimwaga mzigo. Waliona gazeti. Yeye mwenyewe aliwaambia, hii njo mukono yangu, akauweka juu ya picha ili waone unavyolingana, kwa sababu alifikiri watafurahi. Mkubwa wao aliona kiboksi kitupu. Akasema mzee anajificha. Akatoa biki mfukoni, akampa, akamwambia ajaze.

"Nilijua gani wanataka, Mama Consolée. Muntu yote anaijua. Ningeisema kwa kinywa, ningeiimba, hakuna shida. Nimeisikia kwa Mwalimu mara mingi." Aliuweka sawa mkono uliofungwa juu ya paja. "Lakini walisema andika. Nikaitafuta. Nikaitafuta ndani ya jina yangu, pole pole, tangu M mpaka mwisho. Haiko. Nikarudia. Nikaona pengine nimeiruka. Ndani ya jina yangu iko ile moja tu."

Consolée hakuweza kumtazama.

"Nikawaambia, batoto yangu, muniandikie kwa chini, nitaifuata. Wakacheka. Wakasema muntu anaandika jina ndefu hivi, anashindwa herufi moja? Unatuchezea. Mukubwa akaweka bunduki hapa." Aligusa shingo kwa mkono wa kushoto. "Njo nikaandika ile ninajua. Na niliiandika muzuri, unisikie. Haikutoka nje ya kile kiboksi."

Kisha wakauweka mkono juu ya jiwe. Hilo hakulisimulia kwa urefu. Généreuse alitoka nje ya hema.

K siijui. Consolée aliyasikia maneno yale tena, kwa sauti ile ile, na kwa mara ya kwanza aliyasikia yalivyosemwa. Hakuwa amekaidi. Alikuwa anamwambia yeye, aliyemfundisha herufi, kwamba somo halikufika kwenye K. Alilia, na hakujificha, na mzee akamwacha alie, akitazama nje kwenye mvua iliyokuwa inaanza.

Alipokwisha kulia alipangusa uso kwa kiganja. Angesema nini, kwamba hatachapisha tena? Kwamba jina ni zuri na mkono ulikuwa mzuri? Mzee ndiye aliyesema. Aliinama kando, akapapasa majivu kati ya mafiga kwa mkono wa kushoto, akaokota kipande cha makaa kilichozimika. Akamnyooshea.

"Nifundishe ile ingine."

"Papa..."

"Nifundishe. Barieri ingali pale, na miye nitarudi kwetu."

Consolée alipokea makaa. Hapakuwa na karatasi. Akapangusa kile kibao alichokuwa amekalia, akachora mstari mmoja uliosimama, kisha miwili inayoegemea. Akamrudishia. Mzee alishika makaa kwa mkono wa kushoto, mkono usiozoea kitu, akaweka mstari uliosimama, akaweka wa juu, akaweka wa chini. Akakitazama kibao, akiwa amekunja uso, kama anangojea sehemu iliyobaki.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, Papa."

Aliandika nyingine kando yake, na hiyo ikatoka sawa zaidi.

"Kumbe iko rahisi," alisema. "Iko rahisi kupita G."